Ilani ya uchaguzi ni nini?

Ilani ya uchaguzi ni waraka ambao chama cha siasa hueleza ndani yake mambo kitakayoyatekeleza endapo kitapewa dhamana ya kuongoza, na kwa Tanzania muda unaohusika ni miaka 5. Ni tofauti na ahadi ya jukwaani, ambayo mgombea anaweza kuitoa kwa kuona tu jinsi umati ulivyochangamka katika Viwanja vya Furahisha jijini Mwanza. Dira ya Taifa nayo ni jambo jingine, kwa kuwa ni ya nchi nzima na hupita mihula mingi.

Chama huandika yajayo kwa sababu sifa za zamani hazimtoshi mpiga kura, hasa kijana aliyezaliwa baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992. Mwanza imewahi kulionyesha hilo: mwaka 2010 majimbo ya Nyamagana na Ilemela yalikwenda CHADEMA, na mwaka 2015 yakarudi CCM.

Chama kilichoko madarakani kina faida moja kubwa, nayo ni kwamba kinaweza kuanza kuyatekeleza yajayo hayo kabla ya kuomba kura. Ujenzi wa Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takribani kilometa 3, ulianza mwaka 2020 na likafunguliwa Juni 2025, yote ikiwa miaka ya uchaguzi. Sisemi tarehe zilipangwa hivyo. Nasema kwamba mtu aliyezoea kukaa kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo, huku barafu ikiyeyuka juu ya samaki wake, hahitaji kusomewa ukurasa wowote ili aelewe. Chama cha upinzani hakina daraja la kuonyesha, hivyo maandishi yake hayana budi kuwa makini zaidi.

Umakini huo ndio ninaoukosa mara nyingi. Sentensi kama “tutaboresha maisha ya wavuvi” haina kipimo. Mama anayeanika dagaa mchangani huona mvua ya ghafla ikimharibia mzigo wa siku nzima, ilhali jirani yake mwenye chanja, yaani kichanja cha kuanikia, huwahi kuufunika turubai. Ilani inayomhusu mama huyo hutaja chanja ngapi zitajengwa, katika mwalo (mahali pa kupakulia samaki) upi, kufikia mwaka gani na kwa fedha kutoka wapi.