Je, wajua kwa nini mtoto huwa mzito asubuhi ya shule, na kwa nini mchezo humchangamsha?

Katika nyumba nyingi za Tanga mjini, kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni, alfajiri ya siku ya shule ina kelele zilezile: "Amka! Vaa! Umeshapiga mswaki? Gari hilo linakuja!" Mtoto wa miaka 4 au 5 ameketi ukingoni mwa kitanda, soksi moja mkononi, macho ameyakodoa ukutani. Mtoto huyohuyo, ikifika Jumamosi, hushuka kitandani mwenyewe, akavaa kaptula yake bila kuambiwa na kukimbilia uani. Wazazi wengi huamua kwamba ni mvivu au anaikwepa shule. Naiona hukumu hiyo kuwa ni kumwonea mtoto, kwa sababu mara nyingi kisa kimo katika usingizi wake na katika ubongo ambao bado unakua.

Tuanze na usingizi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linapendekeza mtoto wa miaka 3 na 4 alale saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Basi mtoto anayeamshwa saa 11:30 alfajiri ili awahi gari la shule, ikiwa halali mchana, anapaswa awe ameshalala saa 1:30 usiku ili zitimie hizo saa 10 za chini kabisa. Na saa 1:30 usiku, katika nyumba zetu nyingi, chungu bado kiko jikoni. Akikatizwa kabla usingizi haujamtosha, mwili huinuka ilhali ubongo unasuasua, na kwa dakika 15 hadi 30, pengine zaidi, kufikiri huwa kuzito na machozi huwa karibu. Jumamosi ni tofauti kwa kuwa ameachwa alale hadi usingizi uishe wenyewe.

Mwanga nao una sehemu yake, kwani melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, hupungua mwanga unapoingia machoni. Hapa Tanga jua huchomoza karibu na saa 12 kamili mwezi Novemba, lakini mwezi Julai huchelewa hadi kiasi cha saa 12:35, hivyo mtoto wa Julai huamshwa gizani kabisa. Kuwasha taa mapema, na kumtoa barazani mara kunapopambazuka, humsaidia kuliko kumpigia kelele.

Sababu ya pili ni ubongo wenyewe. Sehemu yake ya mbele, inayotuwezesha kushika maagizo akilini, kuyapanga na kujizuia tusivutwe na jambo jingine, hukomaa polepole mno na huendelea kukomaa hata baada ya mtu kutimiza miaka 20. Mama anaposema, "Piga mswaki, vaa sare, kisha uje unywe chai," ametoa maagizo matatu, na mtoto anapoufikia mswaki, mawili yameshamtoka. Neno "tutachelewa" nalo halimsukumi, kwa maana linamtaka aogope saa ambayo hajajua kuisoma.

Hapo ndipo mchezo unapofaa. Mchezo humbebea mtoto mpangilio wa kazi, kwa kuwa kila hatua huiita inayofuata, na lengo huwa karibu, la kwake mwenyewe. Badala ya kumwambia aoge upesi, mpe kopo na umwambie ajimwagie mara 10 huku akihesabu kwa sauti: anajua anapoanzia na anapoishia. Viatu huwatesa wengi kwa sababu hawatambui cha kulia na cha kushoto. Chora kwa kalamu ya wino, ndani ya kiatu cha kushoto, kichwa cha samaki, na ndani ya cha kulia mkia wake. Mtoto akivipanga sakafuni samaki akawa mzima, viatu viko sawa, wala hahitaji kumwuliza mtu. Vifungo vya shati aanze kuvifunga kutoka chini, ambako anaona vema tundu lipi ni la kifungo kipi.

Jambo moja nalikataa, nalo ni kuwashindanisha ndugu. Mdogo hushindwa kila siku, na asubuhi huishia kwenye kilio. Heri wote wawili washindane na hesabu ya baba inayokwenda hadi 30.

Lakini kwa maoni yangu hakuna mchezo uliotukalia vizuri kama vitendawili, maana havina gharama na mtoto anaujua mwito wake tangu utotoni. Katika nyumba moja ya Makorora ninayoifahamu, kila vazi lina kitendawili chake kilichotungwa palepale chumbani. "Kitendawili!" "Tega!" "Watoto wangu watano wanalala mfuko mmoja." Jibu ni soksi, na mguu hutumbukizwa humo kabla kicheko hakijaisha. Akifika mezani hukuta yai la kuchemsha na kile cha wahenga: "Nyumba yangu haina mlango." Siku hizi mtoto huyo, wa miaka 5, ndiye anayetangulia kutega, akiwa bado ndani ya chandarua: "Nina ulimi, silambi!" Kisha huteremka mwenyewe kukitafuta kiatu chini ya kitanda, ili aonyeshe jibu.