Mchoro wa marekebisho: maana yake, kwa mfano wa Jaime Lannister

Mchoro wa marekebisho ni kazi ya shabiki inayomchukua mhusika ambaye waandishi walimmaliza ovyo na kumchorea mwisho mwingine. Kifo peke yake hakitoshi kuuita mwisho ovyo. Wahusika hufa kila siku, mashabiki wakalia, wakapangusa machozi, wakaendelea na msimu unaofuata. Kinachowakera ni mwisho usiotokana na safari: mtu amejengwa tofali kwa tofali kwa miaka, kisha anarudishwa alikoanzia ndani ya kipindi kimoja, na hakuna aliyeonyeshwa kwa nini. Hapo shabiki anayejua kuchora hurudi nyuma kwenye hadithi, akatafuta mahali ambapo mambo yangeweza kwenda kwingine, na kuchora kilichofuata.

Mchezo huu ni wa zamani kuliko intaneti. Mwaka 1681 Nahum Tate aliuandika upya mwisho wa King Lear ya Shakespeare: Cordelia anabaki hai, anaolewa na Edgar, na mfalme mzee anarudishiwa enzi yake. Majukwaa ya Uingereza yalicheza toleo hilo kwa karibu karne moja na nusu. Tofauti ni kwamba Tate alikuwa na jukwaa zima na saa kadhaa. Mchoraji ana fremu moja.

Kuna kazi nyingine za mashabiki zinazofanana na hii kwa mbali. Ukimchora shujaa wa upanga akiuza kahawa mjini Chicago, huo ni ulimwengu mbadala; hakuna kilichorekebishwa, umemhamisha tu. Ukichora jambo ambalo lilitokea lakini kamera haikulionyesha, umechora tukio lililorukwa. Picha ya kumuaga mhusika, akiwa na mishumaa na maua, inakubali kwamba amekufa. Mchoro wa marekebisho unaikubali kanoni, yaani mambo yaliyotokea rasmi kwenye hadithi, hadi hatua fulani, kisha unaachana nayo. Hatua hiyo tuiite njia panda. Mchoro usio na njia panda inayoonekana ni picha nzuri ya mtu mwenye furaha, basi.

Mfano mzuri kuliko yote kwa sasa ni Jaime Lannister wa Game of Thrones. Tamthilia hiyo ya HBO ilianza Aprili 2011 na kuisha tarehe 19 Mei 2019, vipindi 73 katika misimu minane. Jaime aliingia kama mtu wa kuchukiwa: katika kipindi cha kwanza kabisa anamsukuma mtoto, Bran, kutoka dirisha la mnara ili kuficha siri ya mapenzi yake na Cersei, dada yake pacha. Msimu wa tatu anakatwa mkono wa kulia, ule wa upanga, na kuanzia hapo anaanza kugeuka polepole. Msimu wa saba unaisha akimwacha Cersei, anauvika glavu mkono wa dhahabu aliotengenezewa, na kuelekea kaskazini peke yake huku theluji ikianza kuanguka. Msimu wa nane, kipindi cha pili, anampa Brienne, mwanamke mpiganaji aliyemheshimu, cheo cha uaskari wa heshima (knight) mbele ya moto. Kipindi cha nne anamwacha analia uani usiku. Cha tano anakufa chini ya kifusi, amemkumbatia Cersei.

Mzunguko wa aina hiyo unaweza kutetewa. Kuna watu hurudi kwenye sumu yao, na hilo ni kweli kama maisha. Kosa lilikuwa mwendo. Msimu wa mwisho ulikuwa na vipindi sita tu, na kati ya mtu aliyekuja kupigania walio hai na mtu anayekimbilia kufa na Cersei palihitajika zaidi ya mazungumzo ya dakika chache uani. Mwaka huohuo zaidi ya watu milioni moja walitia saini ombi la mtandaoni la kutaka msimu huo utengenezwe upya. Haukutengenezwa. Michoro ikaendelea.

Jaime ana bahati nyingine ambayo wahusika wengi hawana: njia panda yake iko tayari kwenye vitabu ambavyo tamthilia ilitokana navyo. Katika kitabu cha nne cha mfululizo wa George R. R. Martin, kilichotoka mwaka 2005, Cersei yuko gerezani na anamwandikia barua ya kumwomba aje kumwokoa. Jaime anaisoma, anaitoa, na kuagiza itiwe motoni. Mfululizo wa vitabu haujakamilika, kwa hiyo barua hiyo bado inawaka, kwa namna ya kusema. Ukichora mkono mmoja, dirisha lenye theluji na karatasi ikijikunja kwenye makaa, umesema yote bila kumchora Cersei wala Brienne. Huu ndio mchoro mwepesi kuanza nao na ndio wenye nguvu zaidi.

Njia panda ya pili ni ile ya uani. Hapa mchoraji anabadilisha mwelekeo wa farasi. Brienne kasimama kwenye theluji kavaa vazi la kulalia, farasi keshatandikwa, na Jaime anashuka badala ya kupanda. Ugumu wake ni kwamba mtu anayeshuka na mtu anayepanda wanafanana sana katika picha iliyosimama. Dawa ni kuchora hatua ya mwisho ya kushuka: miguu yote miwili chini, hatamu imeachiwa inaning'inia, mgongo kwa farasi. Alama za kwato kwenye theluji ziishie hapohapo, zisitoke langoni.

Ya tatu ni kifusi, na ndiyo inayochorwa vibaya zaidi. Katika kipindi cha mwisho Tyrion, mdogo wake Jaime, anauona mkono wa dhahabu umechomoza kwenye mawe, anafukua, anakuta maiti mbili. Wachoraji hupenda kumtoa Jaime hapo akiwa mzima. Lakini ukimtoa akiwa hai chini ya kifusi, tayari amekwisha mkimbilia Cersei; uamuzi uliowakera watu umebaki palepale, umeokoa mwili tu. Marekebisho yanapaswa kugusa kile kilichoharibika.

Kuhusu utendaji wenyewe. Anza na vichoro vidogo vinne hadi sita, kila kimoja kisizidi ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, kwa rangi tatu tu: nyeusi, kijivu, nyeupe. Hapo unatafuta jicho litue wapi kwanza. Kama kwa ukubwa huo njia panda haionekani, haitaonekana hata ukiongeza nywele moja moja. Chagua kimoja, kisha fungua turubai, yaani ukurasa wa kuchorea ndani ya programu. Kwa karatasi ya A4 yenye nukta 300 kwa inchi unahitaji pikseli 2480 kwa 3508. Kwa A3 ni 3508 kwa 4961. Ukichora kwa simu, tuseme kwa programu ya ibisPaint, baki kwenye A4, maana turubai ikikua idadi ya leya (tabaka za picha zinazopangwa moja juu ya nyingine) inayoruhusiwa hupungua na simu huanza kukwama. Programu ya Krita ni ya bure kwa wenye kompyuta na inatosha kwa kila kitu kilichotajwa hapa.

Leya tano zinatosha: mchoro wa kwanza wa haraka, mistari safi, rangi bapa, vivuli, mwanga. Leya ya vivuli iwekwe katika hali ya kuzidisha (Multiply) na ipakwe rangi moja ya zambarau iliyofifia au bluu, isiwe nyeusi. Nyeusi huifanya ngozi ionekane ina masizi. Kabla ya kuingia kwenye mapambo, igeuze picha yote kuwa ya kijivu kwa muda uone kama uso umezama kwenye ukuta wa nyuma. Ukizama, rekebisha mwanga kwanza, rangi baadaye.

Sasa mkono. Jaime hana mkono wa kulia. Ajabu ni wingi wa michoro inayompa viganja viwili vya nyama, au inayouweka wa dhahabu kushoto. Kosa la kwanza ni la kutokumbuka. La pili karibu kila mara linatokana na desturi nzuri: wachoraji huigeuza turubai kama kwenye kioo ili kukagua uwiano wa uso, kisha wanasahau kuirudisha. Andika herufi moja, R kwa mfano, kwenye leya ya pembeni. Ikisomeka kinyumenyume, picha imegeuka. Ala ya upanga nayo: mtu anayetumia mkono wa kulia huning'iniza upanga kiunoni upande wa kushoto, ili auchomoe kwa kuvuka mwili. Jaime wako anayepigana kwa kushoto, ala yake iende kulia. Mtazamaji wa kawaida hatasema kitu. Shabiki ataliona kabla hajauona uso.

Dhahabu si njano. Ni kahawia iliyokolea kwenye vivuli, haradali katikati, na mstari mwembamba wa karibu nyeupe mahali taa inapopiga, na mpito kati ya hizo uwe mkali. Ukiulainisha inageuka kuwa plastiki. Zaidi ya hapo dhahabu huazima rangi za jirani: kwenye uwanja wenye theluji upande wa chini wa mkono uwe na ubluu kidogo, na upande wa mwenge uwe na rangi ya chungwa. Vidole vya mkono huo havikunjiki, kwa hiyo asishike kikombe nao wala hatamu. Hushikiliwa na mikanda ya ngozi kwenye kigasha. Ukimchora amekunja mikono ya shati, mikanda ionekane.

Na kama unamchora miaka kumi baadaye, mzeeshe. Mvi zianzie kwenye ndevu za kidevuni na panda za uso, mikunjo ya pembe za macho, mabega yaliyoshuka kidogo. Mwisho mwema ambao hakuna aliyezeeka ndani yake unafanana na tangazo la manukato.

Kosa kubwa kuliko la mkono ni la kumwosha mhusika. Jaime alimsukuma mtoto dirishani. Mchoro unaomwonyesha ameketi na watoto wake juani, bila kovu wala deni, umempaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Walioielewa kazi hii humwekea mzigo wake ndani ya fremu: dirisha la mnara nyuma yake, au Bran kwenye kiti cha magurudumu upande wa pili wa uwanja akimtazama. Kosa linalofuata ni tamaa. Ukishamwokoa Jaime unaona kwa nini usimwokoe na Daenerys, na Missandei, na joka wawili. Fremu moja hubeba badiliko moja. Ukiongeza la pili, mtazamaji hajui tena umeachana na hadithi wapi.

Hakimiliki nayo haina ulaini watu wanaoudhani. Mchoro wa shabiki ni kazi iliyotokana na kazi ya mwingine. Sheria ya Marekani, ambako HBO ipo, hupima matumizi ya haki kwa vigezo vinne: lengo la matumizi, aina ya kazi asilia, kiasi kilichochukuliwa, na athari kwa soko la mwenye kazi. Kuweka mtandaoni bila malipo mara nyingi huvumiliwa, ila kuvumiliwa si ruhusa, na siku ukianza kuuza fulana vigezo viwili kati ya hivyo vinakugeukia. Tanzania na Kenya ni wanachama wa Mkataba wa Berne, kwa hiyo kuwa Dar es Salaam au Mombasa hakukutoi nje ya jambo hili. Sura pia ina mwenyewe: Jaime wa kwenye skrini ana uso wa mwigizaji Nikolaj Coster-Waldau. Jaime wa kitabuni ana nywele za dhahabu na macho ya kijani, na hafungwi na uso wa mwigizaji yeyote. Kuchora wa kitabuni kunakupa nafasi zaidi, na kwa mtazamo wetu hutoa picha bora, maana unalazimika kubuni uso badala ya kunakili picha iliyogandishwa kwenye skrini.

Unapoitoa, taja njia panda kwenye maelezo ya chini kwa sentensi moja: "Aliichoma barua, hakurudi." Weka pia onyo kwa ambao hawajamaliza kutazama. Kwenye hifadhi ya Archive of Our Own, ambako hadithi za mashabiki hupangwa kwa lebo, kazi za marekebisho zina lebo yao. Wachoraji wengi hufuata utaratibu huohuo kwa alama za reli (hashtag).

Wapo wachoraji wasiomchora Jaime kabisa. Wanachora Kitabu Cheupe, daftari la walinzi wa mfalme, ambamo kila mlinzi, Jaime akiwa mmoja wao, ana ukurasa wa matendo yake. Msimu wa nne mfalme Joffrey anamdhihaki Jaime, mjomba wake, kwa ufupi wa ukurasa wake. Kipindi cha mwisho Brienne anaujaza na kumalizia kwamba alikufa akimlinda malkia wake. Katika toleo la mashabiki ukurasa umejaa, wino wa mistari ya chini bado unang'aa, na herufi zake zimepinda na kuyumba, kama za mtu aliyejifunza kuandika kwa mkono wa kushoto ukubwani.