Kabla hamjafua shati

Shangazi alinikabidhi shati la mpwa wake likiwa limekunjwa, limepigwa pasi, linanukia sabuni. Kijana huyo alikuwa amepigwa risasi siku tatu kabla, jioni ya maandamano. "Nililifua, wakili," akasema. "Singeweza kuiacha ile damu ndani ya nyumba." Nililikunjua nikaona tundu dogo chini ya mfuko wa kushoto, kingo zake safi kabisa. Masizi na chembe za baruti, kama zilikuwapo, zilimwagwa na maji ya beseni. Hizo ndizo zingemsaidia mtaalamu kukadiria kama mtutu ulikuwa karibu au mbali. Sikumwambia lolote siku hiyo.

Kazi yangu ni kusimama na familia zinazodai haki dhidi ya polisi hapa Kenya, na kila mwaka naona jambo lile lile: kesi nyingi hazifii mahakamani. Hufa siku ya kwanza, kabla wakili hajapigiwa simu.

Sheria tunayo, tena nzuri. Ilizaliwa na machungu ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa, na 405 kati yao walikufa kwa risasi. Ikaja Katiba ya 2010, kisha mwaka 2011 sheria mbili: ile ya Huduma ya Taifa ya Polisi, na ile iliyounda IPOA, mamlaka huru inayochunguza mienendo ya polisi.

Katika sheria ya polisi kuna Jedwali la Sita, nyongeza inayohusu matumizi ya nguvu, na natamani kila mzazi alisome. Linamtaka afisa ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu. Zikishindikana, nguvu atakazotumia zilingane na uzito wa kosa na ukaidi wa mtu aliye mbele yake. Akimjeruhi mtu, ni lazima ampatie matibabu mara moja. Kumwacha bila sababu ya maana ni kosa la jinai. Mtu akifa au akiumia vibaya, mkubwa wa afisa huyo lazima aiarifu IPOA papo hapo, na mahali pa tukio palindwe. Jina au nambari ya afisa aliyevaa sare ionekane wazi. Na yule anayesema "niliamriwa" hana kinga: Jedwali linasema wazi kwamba amri ya mkubwa haihalalishi nguvu haramu.

Lakini tazama anayetakiwa kupeleka taarifa ni nani. Ni polisi wenyewe. Kituoni ndiko kulikolala OB, kitabu cha matukio. Huko huko kuna daftari la silaha, linaloonyesha bunduki ipi ilitoka, kwa jina la nani, na risasi ngapi, na zilirudi ngapi. Risasi 20 zikitoka zikarudi 17, kuna mtu wa kueleza hizo tatu. IPOA ina mamlaka ya kudai madaftari hayo, ila haiwezi kuyadai kwa tukio ambalo haijalisikia. Ndiyo maana nawaambia jamaa wasingoje kituo kiripoti. Nendeni IPOA wenyewe, siku hiyo hiyo.

Mnakumbuka Juni 2025, Albert Ojwang alipofia mikononi mwa polisi Nairobi. Maelezo ya kwanza yalikuwa kwamba alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ya kichwa, shingo iliyobanwa na michubuko mwilini. IPOA ikaiambia Seneti kwamba kamera za kituo zilikuwa zimechezewa. Kamera zilinyamazishwa, mwili ukasema. Basi msizike kabla ya uchunguzi huo, na ombeni daktari wenu awepo chumbani unapofanywa. Uchungu wa kungoja siku chache naujua, nimekaa na familia nje ya mochari nyingi, lakini kufukua kaburi ni uchungu mwingine kabisa.

Risasi ikitolewa hospitalini, ulizeni imekabidhiwa nani, na jina liandikwe. Aliye hai apate fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, na ijazwe vidonda vikiwa vibichi. OB mkiandikisha, msiondoke bila nambari yake. Nimewahi kumwona mama akiambiwa kaunta kwamba kitabu kimejaa. Akaketi kwenye benchi, akafungua leso yake ya chai na mkate, akangoja zamu ibadilike. Afisa wa zamu ya usiku alimwandikia bila neno. Wapo maafisa wa namna hiyo, na bila wao ningekuwa na kesi chache sana.

Video ya simu nayo iacheni kwenye simu iliyoirekodi. Ikishapitia WhatsApp, taarifa za saa na tarehe zilizofichwa ndani ya faili kwa kawaida hupotea.

Sisi mawakili tunaishi na kumbukumbu ya Willie Kimani, mwenzetu aliyeuawa Juni 2016 pamoja na mteja wake na dereva wao. Mteja alikuwa amelalamika IPOA kwamba afisa alimpiga risasi. Akiwa kizuizini, Kimani aliandika kwenye kipande cha karatasi ya chooni kwamba yuko hatarini. Kesi ilichukua miaka sita, na Julai 2022 maafisa watatu na raia mmoja wakapatikana na hatia. Karatasi ya chooni. Naifikiria kila ninapoambiwa kwamba ushahidi ni mdogo mno.

Mwezi uliopita shangazi alirudi ofisini na jirani yake, ambaye mwanawe amevunjwa taya kwa rungu. Jirani aliweka bahasha ya kaki juu ya meza. Ndani kulikuwa na fulana iliyokaushwa kivulini, damu ikiwa bado imegandamana kwenye kola. "Nilimkataza asiifue," shangazi akasema.