Je, wajua muuzaji wa mnada wa mtandaoni anapaswa kumwandikia mshindi ndani ya muda gani?

Mwezi Septemba mwaka 1995, mtaalamu wa programu za kompyuta aitwaye Pierre Omidyar alifungua tovuti ya mnada huko California, Marekani, na miongoni mwa vitu vya kwanza alivyoviweka kilikuwa kalamu ya mwanga wa leza iliyokwisha kuharibika. Kalamu hiyo ilinunuliwa kwa dola 14.83. Kampuni iliyozaliwa kutokana na tovuti hiyo, ambayo leo tunaijua kwa jina la eBay, husimulia kwamba Omidyar alimwandikia mshindi kumuuliza kama alikuwa ameelewa kuwa kifaa hicho hakifanyi kazi, naye akajibiwa kwamba mnunuzi hukusanya kalamu za leza mbovu. Wengi hukikumbuka kisa hiki kwa sababu ya jibu la mnunuzi. Mimi huvutiwa zaidi na swali la muuzaji, kwa kuwa linaonyesha kwamba tangu siku za mwanzo kabisa za biashara hii, mnada ulipofungwa, aliyeanza kunyanyua kalamu ni yule mwenye mali.

Swali letu ni kwamba aandike baada ya muda gani. Jibu langu ni siku ileile, na ikishindikana, kabla ya saa 24 kupita. Zipo kanuni zilizowahi kuruhusu muda mrefu zaidi, nazo nitazieleza, lakini kanuni huweka mpaka wa mwisho tu, na muuzaji anayesubiri mpaka huo ufike huwa amekwisha kupoteza kitu njiani.

Tuanze na tofauti kati ya mnada wa mtandaoni na ule tuliouzoea. Katika soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, samaki wako juu ya meza, dalali anapaza sauti, na mtu aliyetaja bei ya juu amesimama hatua chache kutoka kwake. Bei ikishakubaliwa, fedha na samaki hubadilishana mikono pale pale, wala hakuna anayejiuliza mwenzake ni nani au kaenda wapi. Katika mnada wa mtandaoni kinachofungwa ni saa tu. Muda unapokwisha, mfumo hutangaza mshindi, lakini mshindi huyo yuko mji mwingine, pengine bara jingine, hajawahi kuuona uso wa muuzaji wala kuushika mzigo. Tangu dakika hiyo, kitu pekee anachoweza kukitumia kumpima muuzaji ni maneno yake, na muuzaji asiposema neno, mnunuzi atapima kimya.

Wapo wauzaji wanaodhani kwamba ujumbe huo ni wa adabu tu, wa hiari, na kwamba biashara huanza pale mnunuzi anapolipa. Kisheria mambo hayako hivyo. Sheria ya Uingereza ya mauzo ya bidhaa ya mwaka 1893, ambayo sheria za Kenya na Tanzania zilijengwa juu yake, ilisema kwamba mauzo kwa mnada hukamilika pale mnadishaji anapoyatangaza kwa kugonga nyundo au kwa njia nyingine ya desturi. Mtandaoni hakuna nyundo, na mahakama zimelazimika kuamua ni kitu gani kinachukua nafasi yake. Kesi mojawapo inayotajwa sana ni ya Ujerumani, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Shirikisho mwezi Novemba 2001. Muuzaji aliweka gari jipya aina ya VW Passat kwenye tovuti ya mnada, dau la juu likaishia Mark 26,350 (fedha ya Ujerumani ya wakati ule), kiasi kilichokuwa chini sana ya thamani ya gari, naye akakataa kuliachia. Mahakama iliamua kwamba amefungwa: kwa kuliweka gari mnadani alikuwa amekubali tangu mwanzo kumuuzia yeyote ambaye muda ungekwisha akiwa na dau la juu kuliko wote. Kwa mtazamo huo, muuzaji anayemwandikia mshindi tayari amo ndani ya mkataba, na ujumbe wake ni hatua ya kwanza ya kuutimiza.

Sasa zile kanuni. Katika miaka ya mwanzo eBay iliwataka muuzaji na mshindi wawe wamewasiliana ndani ya siku 3 za kazi tangu mnada ulipofungwa, na wapo wauzaji wa zamani ambao hata leo huzitaja siku hizo 3 kana kwamba ni haki yao. Muda huo ulikuwa na maana wakati ule. Malipo yalikwenda kwa hundi au hawala ya posta ndani ya bahasha, mnunuzi alihitaji kupewa anwani ya kutuma fedha, na watu wengi walifungua baruapepe zao mara moja kwa siku wakiwa kazini. Mwaka 2002 eBay iliinunua PayPal, kampuni ya kutuma malipo kwa mtandao, fedha zikaanza kwenda kwa dakika chache, na kuanzia 2018 hadi 2021 kampuni ikahamishia malipo ndani ya mfumo wake yenyewe. Siku hizi, katika tovuti nyingi, mfumo humpa mshindi taarifa na ankara papo hapo. Sababu za kusubiri siku 3 zimekwisha, na mnunuzi wa leo, aliyezoea kupata ujumbe wa uthibitisho kabla hajaiweka simu chini, huihesabu siku ya pili ya kimya kuwa dalili mbaya.

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa mashine imekwisha kutuma taarifa, muuzaji anaandika nini tena? Anaandika yale ambayo mashine haiyajui. Tuseme mkazi wa Manchester ameweka mnadani mafungu mawili ya stempu za zamani za Zanzibar, na minada yote miwili inafungwa Jumapili ya mwezi Julai saa mbili usiku kwa saa za kwake. Aliyeshinda yuko Mombasa, ambako ni saa nne usiku. Mfumo umemletea ankara mbili, kila moja na nauli yake ya posta, kwa hiyo anatazama simu na kuona anadaiwa nauli mara mbili kwa bahasha ambazo zingeweza kuwa moja. Hajui alipe au asubiri. Muuzaji akiandika usiku uleule kwamba, “Habari ya jioni, na hongera kwa kushinda mafungu yote mawili. Tafadhali usilipe kwanza. Ninayaunganisha katika bahasha moja yenye namba ya ufuatiliaji, na ankara mpya yenye nauli moja itakufikia ndani ya nusu saa. Nimetazama tena fungu la pili na nimeona stempu moja ina mkunjo mdogo kwenye kona ambao haukuonekana vizuri kwenye picha. Naambatisha picha yake. Bahasha itaondoka Jumanne asubuhi,” mnunuzi analala akiwa na utulivu. Akiandika Jumatano, mnunuzi amekwisha kulipa nauli mbili na kukasirika, au hajalipa kabisa na amekwisha kuanza kutazama stempu za mtu mwingine.

Utaona kwamba ujumbe huo ni mfupi, lakini una mambo ambayo mnunuzi angelazimika kuyauliza: jumla anayodaiwa, namna mzigo utakavyosafiri, siku utakayoondoka, na hali halisi ya kitu. Hilo la mkunjo ndilo ninalolithamini kuliko yote, maana kasoro inayotajwa kabla fedha hazijalipwa humwacha mnunuzi na nafasi ya kuamua, ilhali kasoro ileile ikigunduliwa bahasha inapofunguliwa huonekana kuwa ni udanganyifu, hata kama muuzaji hakuwa na nia mbaya.

Saa za kwanza zina uzito wa pekee pia kwa sababu ya namna watu wanavyoweka dau. Wanauchumi Alvin Roth na Axel Ockenfels, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2002, walionyesha kwamba pale mnada unapofungwa kwa saa isiyosogezwa, kama ilivyo eBay, madau mengi humiminika katika dakika za mwisho kabisa, tofauti na mnada wa Amazon wa enzi hizo, ambao muda wake uliongezwa kila lilipoingia dau jipya karibu na mwisho. Kwa muuzaji, maana yake ni kwamba mara nyingi mshindi yuko macho mbele ya kioo wakati saa inafungwa, simu iko mkononi, na furaha ya kuwashinda wenzake ingali mbichi. Ujumbe unaomkuta hapo hujibiwa mara moja. Asubuhi yake atakuwa na kazi, watoto na foleni ya barabarani, na jioni pengine ameanza kujiuliza kama bei aliyoitaja haikuwa kubwa mno. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, nao hawakuwa wakiwazungumzia wauzaji wa mtandaoni, lakini nimeona neno lao likifanya kazi hata huku. Ni kweli kwamba wapo wanaotumia programu za kuwawekea dau wakiwa wamelala, na hao ujumbe watauona asubuhi. Hakuna hasara, kwa kuwa utakuwa wa kwanza kusomwa.

Sababu nyingine ni matapeli, na hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini. Katika minada ya wazi, zamani mtu yeyote aliweza kuona majina ya akaunti za walioweka dau. Matapeli walisubiri mnada wa kitu cha bei kubwa ufungwe, wakawaandikia waliokosa wakijifanya ndio muuzaji, wakawaambia kwamba mshindi amejitoa na kwamba kitu kinaweza kuwa chao iwapo watatuma fedha upesi kwa hawala, nje ya mfumo. Kwa ajili hiyo eBay ilianza kuyaficha majina ya watoa dau. Hila hiyo haikufa, na hustawi penye kimya. Muuzaji aliyewahi kumwandikia mshindi ndani ya mfumo wa tovuti, akamtajia siku ya kutuma na kumwonya asipokee maelekezo ya malipo kutoka kwingine kokote, hamwachii mlaghai nafasi ya kujipenyeza. Kwa sababu hiyohiyo ujumbe wa kwanza usitumwe kwa simu wala kwa baruapepe binafsi hata kama ni njia ya haraka zaidi: mshindi hana namna ya kujua kwamba anayempigia ndiye mwenye mali, na ukizuka mgogoro, tovuti haitakuwa na kumbukumbu ya yaliyosemwa.

Sifa ya muuzaji nayo ina bei inayoweza kupimwa. Omidyar alianzisha utaratibu wa wanunuzi na wauzaji kuandikiana tathmini mwezi Februari 1996, na mwaka 2007 eBay iliongeza nyota ambazo mnunuzi humpa muuzaji kwa vipengele vinne, kimojawapo kikiwa mawasiliano. Mwaka 2006 mtafiti Paul Resnick na wenzake walichapisha jaribio ambalo kadi za posta za zamani ziliuzwa na muuzaji mmoja, baadhi kwa jina lake lenye sifa nzuri ya miaka mingi na nyingine kwa majina mapya yasiyojulikana. Wanunuzi walikuwa tayari kulilipa lile jina lenye sifa asilimia 8.1 zaidi. Sifa ya namna hiyo hujengwa mnunuzi mmoja baada ya mwingine, na dakika 5 za kuandika ujumbe siku ya mnada ni gharama ndogo kwa faida ya ukubwa huo.

Hata hivyo, si kila mshindi anahitaji barua. Aliyelipa dakika ileile, kwa kitu kimoja kisicho na utata, anahitaji mzigo wake zaidi ya pongezi, na kwake muuzaji huzungumza kwa kuupeleka mzigo posta na kuiingiza namba ya ufuatiliaji kwenye mfumo. eBay yenyewe iliwahi kuweka utaratibu wa kumpa muuzaji nyota 5 za mawasiliano moja kwa moja iwapo namba ya ufuatiliaji iliingizwa ndani ya siku 1 ya kazi na pande mbili hazikulazimika kuandikiana lolote. Naona utaratibu huo ulikuwa wa busara, kwa sababu kinachotakiwa ni mnunuzi asibaki gizani, na namba hiyo inatosha kumwangazia. Kosa la upande wa pili ni kumwandama mtu: ujumbe wa pongezi saa mbili usiku, wa kuulizia malipo saa tatu, na wa kukumbusha alfajiri, humfanya mnunuzi ahisi anadaiwa na mtu mwenye shida. Baada ya ujumbe wa kwanza, mpe siku 2 kamili kabla ya kumkumbusha, nawe ukumbushe kwa upole, kwa kumuuliza kama kuna jambo linalomkwamisha, kwa sababu mara nyingi lipo: kadi ya benki imekataliwa, au anwani ya kupokelea mzigo ina hitilafu.

Mshindi asipojibu wala kulipa, kanuni za eBay humruhusu muuzaji kuyafuta mauzo baada ya siku 4, kisha anaweza kumpa nafasi mtoa dau wa pili kwa bei ileile aliyoitaja, kwa njia rasmi ya tovuti, hadi siku 60 tangu mnada ulipofungwa. Siku hizo 60 ni nyingi katika maandishi tu. Mtu aliyekosa stempu zile Jumapili usiku bado anazitamani Ijumaa. Mwezi ukipita, huenda amekwisha kuzipata kwa mwingine na kuzibandika kwenye albamu yake. Muuzaji aliyeandika usiku wa kwanza na kukumbusha Jumatano huwa ana jibu lake ifikapo Ijumaa, na huyo wa pili naye anastahili kuandikiwa siku ileile.