Michango ya kisiasa: pesa hununua nini hasa

"Tajiri akichangia kampeni, amenunua kura ya mbunge"

Kura ndiyo bidhaa mbovu kuliko zote katika soko hili. Inapigwa hadharani, inaandikwa kwenye kumbukumbu za Bunge, na mara nyingi chama kimeshatoa msimamo kabla mbunge hajafungua mdomo. Mfadhili anayejua kazi yake hununua vitu vya kabla ya kura: nafasi ya kikao, neno moja kwenye kifungu cha tafsiri, tarehe ya sheria kuanza kutumika, msamaha wa kodi ulioandikwa kwa sifa ambazo ni kampuni moja tu inazo. Au hununua ukimya, yaani muswada ulale kwenye kamati hadi Bunge livunjwe. Ukimya ndio wa bei nafuu zaidi, maana jambo ambalo halikutokea ni nadra kuandikwa gazetini.

Hiyo nafasi ya kikao imewahi kupimwa. Watafiti wawili wa Marekani, Joshua Kalla na David Broockman, walishirikiana na kikundi kimoja cha kisiasa kuomba miadi kwenye ofisi 191 za wabunge. Maombi yalifanana. Tofauti ni kwamba ofisi nyingine, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, ziliambiwa wanaokuja ni wakazi wa jimbo, na nyingine zikaambiwa wanaokuja ni wachangiaji wa kampeni. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: walipotajwa wachangiaji, wabunge na wasaidizi wao wa juu walijitokeza mara tatu hadi nne zaidi. Hakuna aliyeahidi kitu, wala hakuna hela iliyotolewa siku hiyo.

Ndani ya kikao chenyewe hakuna sinema. Mshawishi mzoefu, yaani anayelipwa kusukuma maslahi ya mwingine kwa wabunge, huja na ukurasa mmoja wa hoja, takwimu zake, na maneno ya marekebisho yakiwa yameshaandikwa kwa lugha ya kisheria, tayari kuingizwa kwenye jedwali. Ofisi ya mbunge ina wasaidizi wachache na muswada una mamia ya kurasa, kwa hiyo anayeleta andiko safi ameshavuka nusu ya njia. Tena huenda hoja yake ni ya kweli kabisa. Kasoro ni kwamba yule ambaye angeathirika na kifungu hicho hakupata miadi.

"Kukiwa na mchango, kisha uamuzi unaomnufaisha mchangiaji, rushwa imethibitika"

Kisheria, bado kabisa. Waendesha mashtaka wanatakiwa kuonyesha nipe nikupe: hiki kimetolewa ili kile kifanyike. Kufuatana kwa tarehe peke yake hakutoshi.

Uingereza, Januari 1997, Bernie Ecclestone, bosi wa mbio za magari za Formula One, alikipa chama cha Labour pauni milioni 1. Mwezi Mei chama kikaingia madarakani kikiwa na ahadi ya kupiga marufuku matangazo ya tumbaku. Novemba mwaka huohuo serikali ikataka Formula One isamehewe marufuku hiyo. Habari zilipovuja, pesa zikarudishwa na waziri mkuu Tony Blair akaomba radhi kwenye televisheni. Hakuna aliyeshtakiwa. Ujerumani nayo ilishusha kodi ya ongezeko la thamani kwa malazi ya hoteli kutoka asilimia 19 hadi 7 kuanzia Januari 2010, na mwezi huohuo mjadala ukawaka kuhusu euro milioni 1.1 ambazo chama cha FDP, kilichokuwamo serikalini, kilikuwa kimepokea kutoka kampuni ya mfanyabiashara mwenye maslahi kwenye hoteli. Chama kilikana uhusiano wowote, na kweli punguzo hilo lilikuwa na watetezi wengine pia. Kesi nyingi za aina hii huishia hapo.

Kisha kuna hukumu ambayo kila anayefuatilia jambo hili anapaswa kuijua. Bob McDonnell, aliyekuwa gavana wa Virginia, alipatikana na hatia mwaka 2014 kwa kupokea zawadi na mikopo ya zaidi ya dola 175,000 kutoka kwa mfanyabiashara aliyetaka bidhaa yake ifanyiwe utafiti na vyuo vikuu vya serikali. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta hukumu hiyo, majaji wote 8 wakikubaliana. Hoja yao: kupanga kikao, kumpigia simu ofisa mwingine au kuandaa hafla, peke yake, si "kitendo rasmi" kinachofanya rushwa ikamilike. Kwa maneno mengine, ile bidhaa inayonunuliwa zaidi, yaani miadi, iliachwa nje ya uzio wa sheria ya rushwa.

"Uamuzi wa Citizens United uliruhusu makampuni kuwapa wagombea pesa bila kikomo"

Hapana. Marekani imekataza makampuni kuchangia wagombea wa ngazi ya taifa moja kwa moja tangu 1907, na katazo hilo lipo hadi leo. Mtu binafsi naye ana ukomo: kwa mzunguko wa 2025 na 2026 ni dola 3,500 kwa mgombea mmoja katika kila uchaguzi. Kilichofunguliwa na uamuzi huo wa Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2010 ni matumizi ya "kujitegemea", yaani kulipia matangazo ya kumsaidia mgombea bila kushauriana naye. Kushauriana kunakwepwa hivi: mgombea anaweka hadharani kwenye tovuti yake picha za video zisizo na sauti pamoja na maelezo ya ujumbe anaopenda wapiga kura wausikie, na kikundi cha nje kinavichukua kutengenezea tangazo. Hawajaongea, lakini wameelewana.

"Mwenye pesa nyingi ndiye anayeshinda"

Michael Bloomberg alitumia zaidi ya dola bilioni 1 za mfukoni mwake kutafuta tiketi ya chama cha Democratic kugombea urais wa Marekani mwaka 2020. Alishinda American Samoa tu, visiwa vidogo vya Marekani katika Pasifiki, akajitoa. Pesa na ushindi huonekana vikiandamana kwa sababu wafadhili wa kibiashara huwafuata wanaoelekea kushinda, hasa walioko madarakani tayari. Ndiyo maana wengi huchangia pande zote mbili. Mwenye mapenzi na sera fulani hafanyi hivyo. Anafanya anayelipia mlango ambao hajui utafunguliwa na nani.

"Weka ukomo, piga marufuku makampuni, tatizo limekwisha"

Pesa huhamia njia ya jirani. Kanada ilikuwa imeweka masharti makali kwa makampuni mwaka 2004, kisha ikayapiga marufuku kabisa. Hata hivyo, kati ya 2004 na 2011, maofisa wa kampuni ya ujenzi ya SNC-Lavalin waliwashawishi wafanyakazi wachangie kwa majina yao, kisha kampuni ikawarudishia kwa bonasi za uongo na madai ya gharama ambazo hazikuwapo. Jumla ilifika kama dola 118,000 za Kanada, sehemu kubwa ikienda kwa chama cha Liberal. Alama za mchezo huu ni zilezile kila mahali: watu wa mwajiri mmoja, kiasi kimoja, tarehe zinazokaribiana, na wachangiaji ambao mshahara wao hauendani na ukarimu wao.

Njia nyingine ni mkopo. Kabla ya uchaguzi wa 2005, vyama vya Uingereza vilikopa mamilioni ya pauni kwa matajiri kwa sababu sheria ililazimisha kutangaza michango, si mikopo yenye masharti ya kibiashara. Mwanya huo ulizibwa mwaka 2006. Mkopo unaoongezewa muda kila unapoiva ni mchango uliovaa koti.

Brazil ilikuwa mbaya zaidi. Uchunguzi mkubwa wa ufisadi ulioitwa Lava Jato ulionyesha kuwa hata michango halali, yenye risiti na iliyoandikishwa kwa mahakama ya uchaguzi, ilitumika kulipa hongo za zabuni. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikapiga marufuku michango ya makampuni, na mwaka 2017 ukaanzishwa mfuko wa umma wa kampeni. Na ipo sheria inayobaki kwenye makaratasi: Kenya ilipitisha sheria ya ufadhili wa kampeni mwaka 2013, lakini chaguzi za 2017 na 2022 zikapita bila viwango vyake vya ukomo kutumika.

"Majina yakitangazwa, wananchi watajionea"

Inategemea kimetangazwa nini na lini. India iliuza hati za uchaguzi, yaani hati ambazo mtu hununua kisha akakipa chama kama mchango, kupitia benki moja ya serikali kuanzia 2018; benki ilimjua mnunuzi, umma haukumjua. Mahakama ya Juu ilizifuta Februari 2024 na kuamuru taarifa zitolewe. Kwanza zikaja orodha mbili, moja ya wanunuzi na nyingine ya vyama, bila namba ya kuziunganisha. Ilibidi mahakama ibane tena ndipo namba za hati zikatolewa na ikaonekana nani alimpa nani.

Ukishika rejista ya michango, tazama tarehe ya kupokea, usiishie kwenye ile ya kuchapisha. Kati ya hizo mbili sheria inaweza kuwa imeshapita. Jina la kampuni lipeleke kwa msajili wa makampuni uone wakurugenzi na hesabu zake, kwani kampuni isiyo na mauzo haina cha kuchangia. Angalia pia kiasi kinachokaa chini kidogo ya kiwango cha kutangazwa, ambacho kwa makao makuu ya chama Uingereza ni pauni 11,180 tangu Januari 2024.

Kosa la wachunguzi wapya ni kuanza na mfadhili kisha kusaka uamuzi unaomfaa. Mfadhili mkubwa ana maslahi kila kona, kwa hiyo hutakosa kitu. Anzia upande wa pili: linganisha toleo la kwanza la muswada na la mwisho, kitafute kifungu cha ajabu kisichoelezwa popote, hesabu ni nani wanaonufaika nacho, ndipo uende kwenye rejista. Ukikuta wasiochangia wamenufaika sawasawa na waliochangia, dai lako limelegea, na ni heri uligundue wewe kabla hujalichapisha.