Draya, mashine ya kunyolea na sumaku yake: majibu kwa wanaochelewa kuja kliniki

Je, vifaa hivi vinatoa mionzi?

Vinatoa nguvu ya sumaku. Umeme ukipita kwenye waya au mota, sumaku hujitokeza kuuzunguka, na ukizima swichi hutoweka. Haibaki mwilini wala haijikusanyi. Si kama eksirei, kwa sababu haina nguvu ya kuvunja vinasaba ndani ya seli.

Mbona mashine inashikwa karibu kabisa na kichwa?

Ni kweli, na hapo ndipo sumaku ilipo kali. Kwa vipimo vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO), mashine ya umeme ya kunyolea ikiwa sentimita 3 kutoka mwilini hutoa kati ya mikrotesla (kipimo cha ukali wa sumaku) 15 na 1500. Isogeze hadi sentimita 30, zinabaki kati ya 0.08 na 9. Draya nayo hushuka vivyo hivyo. Anayetaka kupunguza, aishike mbali kidogo na asikae nayo muda mrefu.

Lakini si walisema inaleta saratani?

Mwaka 2002 shirika la utafiti wa saratani la IARC liliiweka sumaku ya umeme kwenye kundi la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani. Msingi wake ulikuwa saratani ya damu kwa watoto wanaoishi katika nyumba ambazo wastani wa sumaku unazidi mikrotesla 0.3 hadi 0.4. Huo ni wastani wa muda mrefu, tofauti na dakika kumi za kukausha nywele. Mwaka 2007 WHO ilipitia ushahidi na kusema hautoshi kuitaja sumaku hiyo kuwa ndiyo chanzo.

Nina uvimbe shingoni. Nimeacha draya, nasubiri uishe. Nimefanya vizuri?

Hapana. Samahani kwa kusema waziwazi, lakini hili ndilo linaloniumiza kila ninapoliona. Mtu anagundua uvimbe, anailaumu draya, anaifungia kabatini, kisha anakaa miezi akisubiri. Anapokuja, ugonjwa umeshatangulia.

Uvimbe wa shingoni uliozidi wiki mbili au tatu unahitaji kupimwa. Ukiwa mgumu, unakua, au umeambatana na homa, jasho jingi usiku au kupungua uzito, usingoje hata wiki hizo. Unaweza kuwa kifua kikuu cha tezi, ambacho kinatibika kwa dawa. Unaweza kuwa saratani, ambayo ikikutwa mapema tiba yake ni tofauti kabisa na ikikutwa imesambaa. Kufungia draya hakutibu hata kimojawapo.

Na kichwa kinachouma?

Jibu ni hilo hilo: usiilaumu mashine ukakaa nyumbani. Maumivu yanayozidi siku hadi siku, yanayokuamsha usingizini na kukutapisha, au yanayokuja na kuona vibaya, yapimwe haraka. Kichwa kikipasuka ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa, au mkono ukilegea, au maneno yakikataa kutoka, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa hiyo hakuna la kuogopa?

Yapo, na watu hawayaogopi! Draya bafuni karibu na maji inaua kwa umeme. Mashine isiyosafishwa ikikukwaruza inaweza kukuachia virusi vya homa ya ini aina ya B, vinavyoweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi. Mapunye nayo huhama kwa njia hiyo. Ipo chanjo ya homa ya ini B. Uliza kama umechanjwa kabla ya kuuliza kuhusu sumaku.

Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo ndiye hasa anayepaswa kuifikiria sumaku. Aweke draya na mashine angalau sentimita 15 kutoka kilipo kifaa, na asipitishe mashine juu yake. Akisikia kizunguzungu, aiweke mbali na amwone daktari wake.

Tangu niache draya uvimbe umepungua kidogo. Bado nije?

Njoo. Tezi hupungua na kuvimba tena, na kupungua kidogo si kupona. Njoo ukiwa na dawa zote ulizotumia, hata za kununua mwenyewe, na uniambie uvimbe uliuona lini kwa mara ya kwanza. Hata kama ni muda mrefu na unaona aibu, njoo.