Madini ya kunasa fosforasi ziwani: yanavyofanya kazi, na kama yanatufaa Mwanza

Madini ya kunasa fosforasi ni unga au udongo unaomwagwa kwenye ziwa lililochafuka ili ushikamane na fosforasi iliyoyeyuka majini, uzame nayo, na kuifungia kwenye tope. Kinachoondolewa hapo ni chakula cha mwani. Fosforasi ni mbolea, ile ile inayochimbwa Minjingu kwa ajili ya mashamba. Ikizidi ziwani, mwani hustawi, maji hugeuka kijani kizito, na mwani ukianza kuoza oksijeni ya samaki huisha. Aina nyingine za mwani hutoa sumu inayodhuru ini.

Kwetu Mwanza fosforasi inaingia ziwani kwa njia nyingi. Mto Mirongo unapita katikati ya jiji, na mvua kubwa ikinyesha unasomba kinyesi, sabuni na udongo wa milimani hadi ziwani. Nyingine hushuka na vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa.

Aliyewahi kutuliza maji ya ndoo kwa shabu ameshaona sehemu ya kazi hii: unakoroga, unasubiri, tope linajikusanya vibonge vibonge na kutuama chini. Shabu ina alumini, na alumini hushika fosforasi pia. Sweden ilishaitumia ziwani miaka ya 1960. Kasoro yake ni kwamba inaweza kuyatia maji asidi, na samaki wakadhurika.

Miaka ya 1990 watafiti wa CSIRO, shirika la taifa la utafiti wa kisayansi la Australia, walitengeneza udongo wa bentonaiti uliotiwa madini ya lantani, kiasi cha asilimia 5 ya uzito wake. Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Tope la ziwa nalo hunasa fosforasi, kwa msaada wa chuma kilichomo. Lakini oksijeni ikiisha huko chini, kama inavyotokea sehemu ya mwaka katika vina vya Ziwa Victoria, chuma huiachia na fosforasi hurudi majini. Kwa hiyo hata uchafu wote ukizuiwa leo, tope la miaka iliyopita litaendelea kulisha mwani. Lantani haiiachii fosforasi hata oksijeni inapokosekana. Huungana na fosfati, yaani fosforasi ilivyo majini, kuwa madini magumu yasiyoyeyuka kirahisi.

Je, tuumwage Ziwa Victoria? Kunasa kilo 1 ya fosforasi huhitaji takriban kilo 100 za udongo huo. Ziwa letu lina kilomita za mraba zipatazo 68,800 na kina cha wastani cha mita 40. Tuseme kila lita ina mikrogramu 50 tu za fosforasi: jumla inazidi tani 130,000, na udongo wa kuinasa unazidi tani milioni 13. Hapo hatujagusa tope. Kwenye ghuba moja nako, maji huchanganyika na ya ziwa kuu na kazi yote inapotea.

Udongo huu unafaa bwawa au ziwa dogo lililojifunga, tena baada ya kuziba njia za uchafu. Kwa Mwanza, fedha naona ianzie Mirongo: mabomba ya majitaka yafike kwenye makazi ya milimani, vyoo vinyonywe kabla havijafurika, na mafunjo ya midomo ya mito yasifyekwe, kwa kuwa ndiyo yanayozuia tope lenye fosforasi lisifike ziwani.